Yanofsky alimfunga Botvinnik mwaka 1946: bahati au uwezo?

AskariWaPembeni:

Habari zenu wanachesi. Nina swali limenikaa kichwani tangu juzi, naomba wanaoijua historia ya mchezo huu wanisaidie.

Nilikuwa naangalia jedwali la mashindano ya Groningen, Uholanzi, mwaka 1946. Wachezaji 20, kila mmoja anacheza na wote. Botvinnik wa kwanza kwa pointi 14.5, Euwe nyuma yake kwa nusu pointi. Nikaufuata mstari wa Botvinnik kwa kidole, kisanduku baada ya kisanduku, nikakuta sifuri tatu tu, yaani amefungwa mara tatu. Moja ni ya Kotov, moja ya Najdorf. Hao nawajua, ni majina makubwa. Ya tatu ni ya D. A. Yanofsky wa Kanada.

Nikashuka kumtafuta huyo Yanofsky alimaliza wapi. Nimeshuka weee, namkuta chini ya nusu ya jedwali. Alikuwa na miaka 21.

Sasa inakuwaje mtu wa chini vile amfunge bingwa wa dunia? Alibahatisha? Na baada ya hapo alikwenda wapi? Simsikii akitajwa pamoja na vigogo kama Smyslov, kana kwamba mchezo ule mmoja ndio ulikuwa maisha yake yote ya chesi.

Farasi_Mweusi:

Mkuu, kwanza nikusahihishe kidogo. Mwaka 1946 Botvinnik hakuwa bingwa wa dunia. Alekhine alifariki Ureno mwezi Machi mwaka huohuo akiwa bado na taji, likabaki halina mwenyewe mpaka 1948, ndipo Botvinnik akalitwaa. Kwa hiyo Groningen hapakuwa na bingwa ukumbini, ingawa kila mtu alijua anayekuja ni nani.

Kuhusu swali lenyewe, mimi nasema bahati. Ukicheza michezo 19 ndani ya wiki chache, siku moja lazima uamke vibaya. Yanofsky alimkuta Botvinnik siku hiyo.

Bi Ngome:

Farasi, kuhusu 1948 uko sahihi. Kuhusu bahati sikubaliani na wewe hata kidogo, na niwieni radhi nitaandika marefu, kwa sababu huyu mtu nimeishi na michezo yake miaka mingi. Ninalo daftari la mistari lenye michezo yake niliyoinakili kwa mkono, moja moja, enzi ambazo ukitaka mchezo uliunakili kutoka kitabu cha kuazima.

Mwanangu AskariWaPembeni, umeanzia katikati ya hadithi. Rudi nyuma miaka saba.

Abe Yanofsky alizaliwa 1925 Brody, mji ambao siku hizo ulikuwa Poland na leo uko Ukraine. Wazazi wake walihamia Kanada angali mtoto mchanga, wakakaa Winnipeg. Chukua ramani uitazame Winnipeg ilipo: katikati kabisa ya bara, mbali na kila mahali palipokuwa na chesi ya maana wakati ule. Alijifunza mchezo akiwa na miaka 8. Mwaka 1939 Kanada inapeleka timu Olimpiadi ya chesi ya Buenos Aires, na bodi ya pili, yaani nafasi ya pili katika timu, anakaa yeye, mtoto wa miaka 14.

Ile ndiyo Olimpiadi ambayo vita vilizuka Ulaya ikiwa bado inaendelea. Septemba mosi Ujerumani inaivamia Poland, timu ya Uingereza inafungasha inarudi nyumbani, wachezaji kadhaa wanabaki Argentina moja kwa moja, Najdorf akiwa mmoja wao. Katika hali hiyo mtoto wa darasani anaendelea kukaa kwenye kiti chake, na anamaliza na asilimia kubwa ya ushindi kuliko mchezaji yeyote wa bodi ya pili. Nisimpambe kupita kiasi: Kanada ilicheza fainali ya kundi la pili, si pamoja na vigogo wa juu. Lakini kulikuwa na mchezo wake mmoja dhidi ya Dulanto wa Peru uliomvutia Alekhine mwenyewe, aliyekuwa pale akiichezea Ufaransa. Alekhine hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

Kwa hiyo aliyekaa mbele ya Botvinnik mwaka 1946 hakuwa mgeni aliyepotea njia. Alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Kanada, mara ya kwanza 1941 akiwa na miaka 16, na alikuwa ametoka kuvaa magwanda ya jeshi la majini la Kanada wakati wa vita.

Sasa fikirini tofauti ya mazingira, maana hapa ndipo nafasi yake kwenye jedwali inapoanza kueleweka. Urusi ya Kisovieti ilipeleka watu watano Groningen: Botvinnik, Smyslov, Boleslavsky, Flohr na Kotov. Watano wanaofahamiana, wanaozungumza lugha moja. Siku hizo mchezo usipomalizika uliahirishwa. Mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi bila kuicheza ubaoni, anaitia ndani ya bahasha, bahasha inafungwa na mwamuzi anaitunza pamoja na muda wa saa zote mbili. Mnakwenda kula na kulala, mnarudi mnaifungua. Baina ya kufunga na kufungua ile bahasha, nani anakaa na wewe kuchambua? Mwenye wenzake wanne wa kiwango kile, na mwenye kukaa peke yake chumbani na ubao wa mfukoni, hawafungui bahasha moja hata kama karatasi ni ileile. Kutoka Kanada alikuwa yeye tu.

Nimejaribu hilo mwenyewe. Niliwahi kuahirisha mchezo na mtu aliyekuwa na klabu nzima nyuma yake. Nilikaa usiku kucha, nikaona njia moja nzuri, nikaipenda, asubuhi nikaja nayo. Wao walikuwa wameiona hiyo na nyingine tatu. Sikufika hatua ya kumi.

Kwa hiyo ninapoona kijana wa miaka 21 kamaliza chini ya nusu ya jedwali kwenye mashindano makubwa ya kwanza baada ya vita, simwoni dhaifu. Namwona mtu asiye na mazoezi ya kiwango kile anayepoteza pointi kwa uchovu na upweke, halafu siku nguvu zake zote zinapokutana anamfunga aliye bora kuliko wote. Mchezo ule ulipewa zawadi ya uzuri pia. Aliyeamka vibaya anaacha kitu mezani nawe unakiokota, basi. Kwa ushindi wa namna hiyo hupewi zawadi ya uzuri.

AskariWaPembeni:

Bi Ngome, shikamoo. Asante sana, sikujua hata robo ya haya.

Lakini nimekwenda kuangalia tena nikakwama pengine. Cheo cha grandimasta, kile cha juu kabisa kwa mchezaji, alikipata 1964. Kutoka 1946 mpaka 1964 ni miaka 18! Kama uwezo ulikuwepo, mbona ulichelewa hivyo?

Bi Ngome:

Marahaba mwanangu. Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake linaniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Vyeo rasmi vya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, vilianza 1950. Kwenye orodha ya kwanza kabisa Yanofsky akapewa cheo cha masta wa kimataifa, ngazi moja chini ya grandimasta. Hapo alikuwa amekwisha cheza mashindano ya kanda mbalimbali ya Saltsjöbaden, Sweden, mwaka 1948, yale ya kutafuta watakaogombea taji la dunia. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angekaa Ulaya, azunguke mashindano hadi mashindano kama walivyofanya wengine, ninaamini grandimasta angekuwa mapema sana.

Akachagua sheria. Alisoma Manitoba, kisha akaenda Oxford. Mwaka 1953, akiwa mwanafunzi huko, akaingia ubingwa wa Uingereza uliochezwa Hastings, akauchukua. Mwaka huohuo ndani ya Kanada akagawana ubingwa wa taifa na Frank Anderson. Kisha akarudi Winnipeg kuwa wakili.

Ukisema wakili, usifikirie mtu mwenye jina tu ukutani. Ni mtu mwenye mafaili, wateja, tarehe za mahakama. Juu ya hapo akaingia siasa za mji: akawa meya wa West Kildonan, na mji huo ulipounganishwa na Winnipeg akaendelea kuwa diwani mpaka 1986. Halafu katikati ya hayo anatoka kwenda kucheza na watu ambao kazi yao kuanzia asubuhi ni chesi tu.

Tazama Dallas 1957. Wachezaji wanane, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili. Reshevsky na Gligorić wanashinda. Najdorf yuleyule wa Groningen, mtu anayeishi kwa chesi, anamaliza chini ya Yanofsky. Baada ya hapo wakili anarudi kwenye mafaili yake.

Mwaka 1962 akarudi tena kwenye mashindano ya kanda mbalimbali, Stockholm, yale ambayo Bobby Fischer wa Marekani, angali kijana, aliwaacha wote mbali. Mwaka 1964, Olimpiadi ya Tel Aviv, ndipo akapata cheo, grandimasta wa kwanza wa Kanada. Ana miaka 39. Kwa kulinganisha, Tony Miles, wa kwanza kati ya wazaliwa wa Uingereza kupata cheo hicho kwa kucheza mezani, si kwa barua, alikipata 1976.

Nitawaambia kinachoniuma. Mimi nilikaa miaka kumi na moja bila kuingia mashindano, kazi na watoto. Niliporudi nilidhani nitaanza nilipoachia. Fikra zilikuwepo. Ubao nilikuwa nauona vizuri. Kilichonishinda ni saa. Mchezo wa kwanza nina nafasi nzuri, ngome yangu imekalia safu ya wazi, askari wake wa upande wa malkia wote wametawanyika. Nikainua kichwa, naona bendera ya saa yangu imenyanyuka na mshale, imebaki kuanguka, na ikianguka muda wako umekwisha. Nilikuwa nimekagua kila hatua mara mbili mbili kama mtu anayehesabu chenji dukani. Anayecheza kila wiki hakagui hivyo. Mkono wake umezoea, anaacha akili yake kwa ajili ya dakika mbili tatu zinazoamua mchezo.

Yanofsky aliishi na kutu hiyo maisha yake yote na bado alichukua ubingwa wa Kanada mara nane: 1941, 1943, 1945, 1947, 1953, 1959, 1963, 1965. Soma hiyo miaka tena taratibu. Kuna mapengo ya miaka sita ndani yake. Anaondoka, anarudi, anawakuta vijana wapya, anawafunga.

MtazamajiTu:

Nimesoma uzi wote bila kuchangia, ila hapa kwenye kumfunga bingwa lazima niseme. Kanada ina mwingine: Igor Ivanov. Mwaka 1979, akiwa bado raia wa Kisovieti, alimfunga Karpov kwenye Spartakiad ya Moscow, yale mashindano ya michezo ya Kisovieti, na Karpov wakati huo ni bingwa wa dunia kamili. Mwaka uliofuata ndege aliyopanda kutoka Kuba ilitua Gander, Newfoundland, kujaza mafuta. Akashuka, akakimbia, akaomba hifadhi. Kanada ikapata bingwa wa taifa wa mara nne.

Na cheo cha grandimasta alikipata 2005, mwaka aliofariki. Maskini, zaidi ya miaka 20 watu wenye cheo wanamwogopa yeye asiye nacho.

Farasi_Mweusi:

Hiyo ya Ivanov sikuijua. Bi Ngome, nakubali, neno bahati nimelirudisha mfukoni. Ila bado naona kwamba kwa mafanikio ya kimataifa Kevin Spraggett alimzidi Yanofsky. Mkanada wa kwanza kufika mashindano ya wagombea taji, 1985. Halafu 1988 pale Saint John akamtoa Andrei Sokolov, akaja kutolewa na Yusupov mwaka uliofuata, Quebec. Yanofsky hakufika huko.

Bi Ngome:

Hakufika, ni kweli, na Spraggett namheshimu sana. Sitaki kuwapambanisha. Ninachosema ni kwamba njia ambayo Spraggett aliipita, kuna mtu aliifyeka. Mwaka 1967 Kanada ilipotimiza miaka mia moja, Yanofsky alisimamia kuandaliwa kwa mashindano ya magrandimasta hapohapo Winnipeg, ya kwanza ya aina yake katika nchi ile. Larsen na Darga wakagawana nafasi ya kwanza, Keres na Spassky wakiwa nyuma yao. Spassky, ambaye miaka miwili baadaye ni bingwa wa dunia, anakaa mezani Winnipeg! Yanofsky alileta chesi mpaka mlangoni kwa watoto wa pale, ile ambayo yeye mwenyewe ilimbidi aifuate Buenos Aires. Na hakuishia kupokea wageni, naye alikaa akacheza.

MtazamajiTu, umenigusa kwa Ivanov. Na kwa kuwa tunazungumzia vyeo vilivyochelewa, msimsahau Frank Anderson niliyemtaja. Alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi tangu ujanani, chesi aliijulia kitandani. Olimpiadi ya Munich 1958 alikuwa na alama za kutosha kuwa grandimasta, akaugua kabla ya raundi ya mwisho kwa sababu ya dawa isiyomfaa, hakucheza, cheo kikampita. Angekaa tu na kufungwa angekipata. Hakukipata tena. Nikiifikiria ile siku, yule mtu kitandani na wenzake ukumbini, hunitoka pumzi.

Yanofsky basi. Olimpiadi kumi na moja, ya kwanza 1939 na ya mwisho 1980. Alifariki Machi 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 75.

AskariWaPembeni:

Bi Ngome, nifundishe basi namna ya kuuangalia mchezo wake na Botvinnik. Nikiucheza kwenye kompyuta naona namba zinapanda na kushuka, sielewi kitu.

Bi Ngome:

Zima kompyuta. Chukua ubao wa kweli, panga kete, kaa upande wa weupe alikokaa Yanofsky. Chapisha mchezo kwenye karatasi, au uunakili kwa mkono ukiweza, ila unakili bila kufikiri. Chukua kadi ngumu, hata kipande cha boksi, ufunike hatua zote.

Teremsha kadi mpaka uone hatua ya Botvinnik. Icheze ubaoni. Sasa andika pembeni wewe ungecheza nini. Kuandika ni lazima, usiseme tu kichwani, maana kichwani utajidanganya kwamba ndiyo uliyokuwa unaiwaza. Ukishaandika ndipo uteremshe kadi uone Yanofsky alicheza nini. Mkitofautiana, usiendelee. Kaa hapo. Uliza kete yake ilikuwa inaelekea wapi, na yako ilikuwa inaelekea wapi. Mara nyingi utakuta wewe ulitaka kutisha kitu, yeye alikuwa anasogeza kete iliyokaa vibaya.

Na usiharakie mwisho. Alisifika kwa mchezo wa mwisho, kete zikiwa zimebaki chache na kila hatua ya mfalme ina uzito. Ukimaliza huu, tafuta michezo yake ya ngome. Nina kumi na nne kwenye daftari, nitaipiga picha kesho jioni nikitoka kazini.

AskariWaPembeni:

Nimefanya kama ulivyosema. Nimeanza saa mbili usiku, sasa ni saa sita kasoro, na nimekaa na kipande cha boksi la viatu mkononi muda wote huo. Nimekisia sawa na yeye mara tisa tu. Mahali pengi mimi nilitaka kukata kete yeye anaacha zilivyo, anasogea tu pembeni, halafu hatua nne mbele ndipo naona kumbe ningekata ningemsaidia Botvinnik kupumua.

Nasubiri hizo za ngome, mama.